Ratiba kama Ujira: Usimamizi Usio wa Haki na Hali ya Kazi ya Wahudumu wa Mezani katika Migahawa ya Matawi Mengi Nchini Marekani

Ikisiri

Makala hii inafafanua chanzo na namna ya utendaji wa usimamizi usio wa haki dhidi ya wahudumu wa mezani katika migahawa ya matawi mengi nchini Marekani. Tafiti na mijadala mingi huyaeleza malalamiko ya wahudumu hao kama matokeo ya tabia mbaya za mameneja. Makala hii inajenga hoja tofauti: kwamba tatizo limejikita katika muundo wa ujira wenyewe. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa na kuiachia bakshishi ya mteja ikamilishe kima cha chini cha mshahara. Kwa kuwa kipato cha mhudumu hutegemea zamu aliyopangiwa na meza alizopewa, meneja anayepanga zamu na meza huwa ndiye mpangaji wa mshahara, ingawa hakuna hati inayomtambua hivyo. Makala inachambua historia ya bakshishi, sheria zinazohusika, ratiba, kazi za kando, makato, unyanyasaji wa wateja na njia za kudai haki. Inahitimisha kwamba mageuzi yanayolenga tabia za mameneja pekee hayawezi kufua dafu iwapo uhusiano baina ya ratiba na ujira hautaguswa.

Maneno Muhimu: bakshishi, wahudumu wa mezani, ratiba ya zamu, kima cha chini cha mshahara, Marekani

1.0 Utangulizi

Mhudumu wa mezani ni mfanyakazi mwenye mabwana wengi. Meneja humpangia zamu. Mteja humlipa sehemu kubwa ya kipato chake. Mpishi huamua kama chakula kitatoka kwa wakati. Na makao makuu ya kampuni, ambayo pengine yako maelfu ya kilometa kutoka tawini, huamua maneno atakayotumia kumkaribisha mgeni. Lawama inapotokea, hata hivyo, hushuka kwake yeye aliyesimama mbele ya meza. Hali hii haikuanza leo. William Foote Whyte, katika utafiti wake wa migahawa ya Marekani uliochapishwa mwaka 1948, alionesha jinsi wahudumu wanawake walivyobanwa baina ya haraka ya wateja na hasira za wapishi, na jinsi jambo dogo kama chombo cha kutundikia karatasi za oda lilivyoweza kupunguza ugomvi wa jikoni.

Tangu wakati huo, mgahawa wa Marekani umebadilika sana. Sehemu kubwa ya biashara hiyo imeingia mikononi mwa makampuni yenye mamia ya matawi yanayotumia jina moja, orodha moja ya vyakula na mwongozo mmoja wa kazi. Mabadiliko hayo yaliahidi utaratibu: mfanyakazi angetawaliwa na kanuni zilizoandikwa badala ya matakwa ya mwenye duka. Swali linaloongoza makala hii ni hili: kwa nini, pamoja na kanuni zote hizo, wahudumu wa migahawa ya matawi mengi wameendelea kulalamikia upendeleo, ratiba zisizotabirika na malipo yasiyoeleweka? Ili kulijibu, makala inaanza kwa kufafanua dhana, kisha inapitia usuli wa kihistoria na wa kisheria kabla ya kuchambua utendaji wa usimamizi wenyewe.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Dhana nne zinahitaji kubainishwa. Kwanza, mgahawa wa matawi mengi, kama unavyotumika katika makala hii, ni ule ambao mteja huketi na kuhudumiwa mezani, na ambao ni sehemu ya kampuni yenye matawi yanayofanana. Baadhi ya matawi humilikiwa na kampuni yenyewe. Mengine humilikiwa na wafanyabiashara waliopewa kwa mkataba haki ya kutumia jina lake. Migahawa ambamo mteja huagiza na kulipia kaunta ni kundi jingine, na tofauti hiyo ina uzito wa kisheria kama itakavyoonekana baadaye.

Pili, bakshishi ni fedha ambazo mteja humpa mhudumu kwa hiari juu ya bei ya chakula. Katika Kiswahili, neno hili hubeba maana ya zawadi au ahsante, na kwa hiyo anayelipokea hafikiriwi kuwa ameishi kwa kulitegemea. Katika mfumo wa Marekani maana hiyo haitoshi. Huko bakshishi ni zawadi kwa upande wa mteja, lakini kwa upande wa mwajiri ni sehemu ya mshahara ambayo hakuitoa mfukoni mwake. Tatu, punguzo la bakshishi ni kiasi ambacho sheria inamruhusu mwajiri kukitoa katika kima cha chini cha mshahara kwa kuwa bakshishi inadhaniwa kukifidia. Nne, kazi za kando ni zile zisizoingiza bakshishi moja kwa moja: kufunga visu na uma ndani ya leso, kujaza chupa za chumvi na michuzi, kukata ndimu, kufagia na kupanga meza.

3.0 Usuli wa Kihistoria

Desturi ya bakshishi ilienea Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa. Waajiri katika migahawa na reli waliwaajiri Wamarekani Weusi waliotoka utumwani kwa malipo madogo mno, wakitarajia kwamba wasafiri na wageni wangewaongezea. Mfano mashuhuri ni wahudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, ambao kwa miongo mingi walitegemea bakshishi za abiria ili kuishi. Wahudumu hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, na walipata mkataba na kampuni hiyo mwaka 1937.

Desturi hiyo haikupokewa bila upinzani. Wapo Wamarekani walioiona kuwa ni mabaki ya ubwana na utwana yasiyofaa katika jamhuri. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata, lakini kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Hivyo basi, mjadala wa iwapo bakshishi ni heshima au ni udhalilishaji ni mkongwe kuliko sheria ya kima cha chini cha mshahara yenyewe.

Wahudumu pia walijipanga. Mjini Seattle, Alice Lord aliongoza uundaji wa chama cha wahudumu wanawake mwaka 1900, na chama hicho kilichangia kupatikana kwa sheria ya saa nane za kazi kwa wanawake katika jimbo la Washington mwaka 1911. Dorothy Sue Cobble (1991), katika utafiti wake wa vyama vya wahudumu wanawake vya karne ya 20, anaonesha kwamba vyama hivyo viliendesha ofisi za kugawa wafanyakazi kwa waajiri na viliweka kanuni za kazi. Jambo hilo lina umuhimu wa pekee kwa hoja ya makala hii, kwa sababu chama kinachogawa wafanyakazi na kuweka kanuni humwondolea meneja silaha yake kubwa, yaani uhuru wa kuamua peke yake nani afanye kazi, lini na wapi. Vyama hivyo vilipodhoofika katika nusu ya pili ya karne hiyo, silaha hiyo ilirudi mikononi mwa meneja.

4.0 Muundo wa Ujira na Msingi Wake wa Kisheria

Sheria ya shirikisho ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 iliweka kima cha chini cha mshahara, lakini wafanyakazi wengi wa migahawa waliachwa nje. Marekebisho ya mwaka 1966 yaliwaingiza, ila kwa sharti: mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi kuwa sehemu ya kima hicho hadi nusu yake. Mwaka 1991 kima cha chini kilipofika dola 4.25, nusu yake ilikuwa takribani dola 2.13. Mwaka 1996 Kongresi ilipandisha kima cha jumla lakini ikakigandisha kiwango cha wafanyakazi wa bakshishi palepale. Kutokana na uamuzi huo, wakati kima cha chini cha jumla kimekuwa dola 7.25 tangu Julai 2009, sehemu inayolipwa na mwajiri kwa mhudumu imebaki dola 2.13. Tofauti ya dola 5.12 kwa saa ndilo punguzo la bakshishi.

Majimbo yana uhuru wa kuweka viwango vya juu zaidi. Majimbo saba, yaani Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington, hayaruhusu punguzo hilo. Humo mhudumu hulipwa kima kamili cha jimbo na bakshishi huwa nyongeza. Kwa upande mwingine, majimbo kadhaa, yakiwamo Texas, Georgia na Tennessee, yamebaki na dola 2.13.

Kisheria, bakshishi zisipofikisha kima cha chini, mwajiri anawajibika kujazia. Ulinzi huu una mwanya unaostahili kufafanuliwa kwa hesabu. Hesabu ya sheria hufanywa kwa wiki nzima ya kazi, si kwa zamu moja. Chukulia mhudumu aliyefanya kazi saa 5 mchana wa Jumatatu akapata bakshishi ya dola 10, na saa 6 usiku wa Ijumaa akapata dola 120. Jumatatu alipata dola 2 za bakshishi kwa saa; zikijumlishwa na dola 2.13 anazolipwa, ni dola 4.13, chini mno ya kima cha chini. Hata hivyo, wastani wa bakshishi kwa saa zote 11 ni dola 11.82, na kwa hiyo mwajiri hadaiwi hata senti moja. Kwa maneno mengine, Ijumaa ya mhudumu ndiyo iliyolipia Jumatatu ya mwajiri. Saa za mchana ambazo ukumbi hauna wateja hufunguliwa kwa gharama ya mfanyakazi.

5.0 Utendaji wa Usimamizi Usio wa Haki

5.1 Ratiba na Mgawanyo wa Meza

Katika kazi nyingi, meneja akitaka kumpunguzia mfanyakazi mshahara lazima aandike barua, na barua hiyo inaweza kupingwa. Kwa mhudumu wa bakshishi hakuna haja ya barua. Inatosha kumhamisha kutoka Ijumaa usiku hadi Jumanne mchana, au kumtoa kwenye meza za katikati ya ukumbi na kumweka karibu na mlango wa vyoo ambako wageni hawapendi kukaa. Kiwango chake cha saa hakijabadilika, idadi ya saa zake pengine haijabadilika, lakini kipato chake kimeshuka kwa nusu. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la makala hii. Kanuni zilizoandikwa na makao makuu zinahusu salamu, sare na muda wa kufikisha vinywaji. Ratiba na mgawanyo wa meza, ambavyo ndivyo ujira wenyewe, hubaki katika hiari ya meneja wa tawi.

Hiari hiyo hufanya kazi ndani ya mashinikizo. Meneja wa tawi hupimwa kwa kawaida kwa uwiano wa gharama za wafanyakazi na mauzo, na mara nyingi uwiano huo hufuatiliwa kwa programu za kompyuta saa kwa saa. Mauzo yakipungua, huwarudisha wahudumu nyumbani kabla ya zamu kwisha. Mauzo yakitarajiwa kupanda, hana hofu ya kuita wahudumu wengi kupita kiasi, kwa sababu kila mmoja humgharimu dola 2.13 tu kwa saa. Mathalani, wageni 120 wakiacha wastani wa dola 4 kila mmoja, bakshishi yote ni dola 480. Wahudumu wakiwa 7, kila mmoja hupata takribani dola 68.57, wakiwa 10, kila mmoja hupata dola 48. Kuwaongeza watatu kumemgharimu mwajiri dola 6.39 tu kwa saa, ilhali kila mmoja wa wale saba amepoteza zaidi ya dola 20 katika zamu hiyo. Katika hali zote mbili, ukumbi ukiwa mtupu au ukiwa umefurika, hatari ya biashara imebebwa na mhudumu.

Aidha, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kutoa ratiba mapema, wala haimlazimishi kumpa mtu mzima mapumziko ya chakula. Ndiyo maana limekuwa jambo la kawaida kwa mhudumu kufunga mgahawa usiku wa manane na kurudi kuufungua asubuhi inayofuata. Mama anayelea hawezi kupanga malezi ya mtoto kwa ratiba inayobadilika kila wiki, na mwanafunzi hawezi kujiandikisha darasani bila kujua siku zake za kazi.

5.2 Kazi za Kando

Uhalali wa dola 2.13 umejengwa juu ya dhana kwamba mhudumu yuko mbele ya wateja akipata bakshishi. Je, saa anazotumia kufunga visu na kufagia zilipwe vipi? Wizara ya Kazi ya Marekani iliweka mwaka 1967 kanuni kwamba mtu mwenye kazi mbili tofauti alipwe kima kamili kwa ile isiyo ya bakshishi. Baadaye, katika mwongozo wa mwaka 1988, ilifafanua kwamba kazi za kando zikizidi asilimia 20 ya muda, saa hizo zisifanyiwe punguzo. Mwongozo huo ulipata nguvu mwaka 2011 katika shauri la Fast dhidi ya Applebee's International, ambapo mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa nane ilikubali kwamba ufafanuzi wa Wizara ustahili kufuatwa.

Kilichofuata kinaonesha udhaifu wa ulinzi unaotegemea miongozo ya serikali pekee. Mwaka 2018 Wizara iliuondoa mwongozo huo. Mwaka 2021 iliurudisha kama kanuni rasmi, ikiongeza kwamba kazi ya kando isizidi dakika 30 mfululizo. Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tano iliibatilisha kanuni hiyo, miezi miwili tu baada ya Mahakama ya Juu kuziondolea mahakama wajibu wa kufuata tafsiri za idara za serikali pale sheria inapokuwa na utata. Katika kipindi cha miaka sita, mhudumu yuleyule, akifunga visu vilevile, alikuwa na haki, akaikosa, akaipata tena na kuikosa tena.

Motisha ya kiuchumi ni dhahiri. Msafishaji lazima alipwe angalau dola 7.25 kwa saa. Mhudumu anayesafisha hulipwa dola 2.13. Meneja anayebanwa na uwiano wa gharama atampa ufagio yule aliye rahisi.

5.3 Bakshishi za Pamoja na Makato

Katika matawi mengi mhudumu hulazimika kugawana bakshishi na wasafisha meza, wapeleka chakula na wahudumu wa baa. Mgawanyo huo una mantiki, kwa kuwa huduma ni kazi ya wengi. Tatizo huzuka pale kiasi anachotakiwa kutoa kinapokokotolewa kwa mauzo yake badala ya bakshishi aliyopata. Wageni wakila kwa dola 200 na wakaondoka bila kuacha chochote, mhudumu anayetakiwa kutoa asilimia 3 ya mauzo atatoa dola 6 kutoka mfukoni mwake. Amelipa ili afanye kazi.

Marekebisho ya sheria ya Machi 2018 yaliziba mwanya mkubwa kwa kupiga marufuku mwajiri, meneja au msimamizi kuchukua sehemu yoyote ya bakshishi za wafanyakazi. Hayo ni mafanikio ya kweli. Ama kuhusu makato, msimamo wa sheria uko wazi: mwajiri anayetumia punguzo lote la bakshishi hawezi kumkata mhudumu kwa sababu ya sahani iliyovunjika, upungufu wa fedha au mteja aliyetoroka bila kulipa, maana makato hayo humshusha chini ya kima cha chini. Hata hivyo, makato hayo huendelea kwa sura ya hiari. Mhudumu huambiwa achague kati ya kulipia hasara na kuandikiwa onyo. Na onyo, kama ilivyoelezwa, lina bei yake katika ratiba ya wiki inayofuata.

5.4 Mteja kama Msimamizi

Arlie Hochschild (1983) alieleza jinsi wafanyakazi wa huduma wanavyolazimika kuuza hisia zao pamoja na nguvu zao. Kwa mhudumu wa bakshishi, mnunuzi wa hisia hizo ni mteja moja kwa moja, na malipo hufuata papo hapo. Hali hii huzaa udhaifu mkubwa mbele ya unyanyasaji wa kingono. Mhudumu anayeguswa au kutolewa maneno machafu hupima gharama ya kukataa: akikunja uso atapoteza bakshishi ya meza hiyo, akilalamika kwa meneja anaweza kuonekana msumbufu na kuondolewa katika zamu nzuri. Kanuni za tume ya shirikisho ya fursa sawa za ajira zinatambua kwamba mwajiri anaweza kuwajibika kwa unyanyasaji unaofanywa na wateja iwapo alijua, au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua. Lakini haki hiyo huanza kwa malalamiko, na malalamiko hupelekwa kwa mtu yuleyule anayepanga ratiba.

Teknolojia imeuimarisha usimamizi huu wa mteja. Baadhi ya makampuni yameweka mezani vishikwambi ambavyo mgeni hulipia chakula na kumpa mhudumu alama. Mgeni aliyechukizwa na ubaridi wa chakula au na bei humpa alama ndogo mtu ambaye hakupika wala hakupanga bei. Alama hizo zikitumiwa kugawa zamu, mteja asiyejulikana huwa ameshiriki kupanga mshahara wa mhudumu mara mbili: kwanza kwa bakshishi, kisha kwa alama.

5.5 Ugonjwa

Hakuna sheria ya shirikisho inayowapa wafanyakazi wa sekta binafsi likizo ya ugonjwa yenye malipo. Connecticut ilikuwa jimbo la kwanza kuipitisha, mwaka 2011, na ililenga hasa wafanyakazi wa huduma wakiwamo wahudumu wa migahawa. Penye pengo hilo, desturi ya matawi mengi ni kumtaka mgonjwa atafute mwenyewe mtu wa kushika zamu yake. Asipompata, huja kazini. Athari zake huvuka mipaka ya mgahawa: kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa kilieleza mwaka 2014 kwamba wafanyakazi wa chakula walioambukizwa ndio chanzo cha takribani asilimia 70 ya milipuko ya norovirusi iliyoripotiwa kutokana na chakula kilichochafuliwa. Kwa hiyo, hali ya kazi ya mhudumu ni suala la afya ya umma pia.

6.0 Njia za Kudai Haki na Mipaka Yake

Haki nyingi zilizotajwa ni ndogo zikitazamwa kwa mtu mmoja. Mhudumu aliyedhulumiwa dola 15 kwa wiki hawezi kumpata wakili kwa kiasi hicho. Njia ya asili ya kulitatua hilo ni shauri la pamoja, ambamo maelfu ya wafanyakazi wa matawi tofauti huunganisha madai yao. Mwaka 2018, katika shauri la Epic Systems dhidi ya Lewis, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba mwajiri anaweza kumfunga mfanyakazi kwa mkataba wa kupeleka madai yake mbele ya mwamuzi binafsi, kila mtu peke yake. Mkataba wa aina hiyo huweza kuwa moja ya karatasi nyingi anazosaini mhudumu siku ya kwanza ya kazi. Sheria ya Machi 2022 iliyaondoa madai ya unyanyasaji wa kingono katika kifungo hicho, lakini madai ya mshahara yamebaki ndani yake.

Njia ya pili ni sheria za ratiba. Sheria ya jiji la Seattle, iliyoanza kutumika Julai 2017, inawataka waajiri wakubwa watoe ratiba siku 14 kabla na inalinda mapumziko ya saa 10 kati ya zamu. Inaihusu migahawa ya huduma ya mezani iliyo na angalau wafanyakazi 500 na matawi 40. Jimbo la Oregon lina sheria inayofanana kwa waajiri wenye wafanyakazi 500 au zaidi. Jiji la New York nalo lilianza kutekeleza sheria yake Novemba 2017, ila iliyahusu matawi ambayo mteja hulipa kabla ya kula. Mhudumu wa mezani, ambaye ratiba ndiyo mshahara wake, aliachwa nje. Hapa ndipo tofauti ya kidhana iliyotajwa katika sehemu ya pili inapokuwa mpaka wa haki. Hata sheria bora zaidi, isitoshe, hulinda muda wa kutangaza ratiba na si haki katika ugawaji wake: meneja anaweza kumpangia mhudumu Jumanne mchana kwa notisi kamili ya siku 14.

7.0 Hoja Kinzani

Ingekuwa upungufu wa kitaaluma kudai kwamba wahudumu wote wanaupinga mfumo huu. Katika jimbo la Maine, wapiga kura walikubali mwaka 2016 kuliondoa punguzo la bakshishi hatua kwa hatua, lakini mwaka 2017 bunge la jimbo lililirejesha baada ya wahudumu wengi wenyewe kushinikiza hivyo. Mwaka 2024 wapiga kura wa Massachusetts walikataa pendekezo kama hilo. Kinyume chake, wapiga kura wa Washington, D.C. waliunga mkono kuliondoa mwaka 2018, wakapinduliwa na baraza la jiji, na wakaunga mkono tena mwaka 2022; nalo jiji la Chicago liliamua mwaka 2023 kuliondoa kwa awamu hadi mwaka 2028.

Greta Foff Paules (1991), aliyewachunguza wahudumu wa tawi moja la mgahawa wa aina hii huko New Jersey, anatoa mwanga juu ya mgongano huo. Aliwakuta wanawake waliojiona kama wafanyabiashara wanaojitegemea: bakshishi ilitoka kwa mgeni, na hivyo hawakumwona meneja kuwa ndiye mlishaji wao. Hoja hii ina ukweli. Lakini uhuru huo uliwezekana pale ambapo mgahawa ulikuwa na uhaba wa wafanyakazi na meneja alihofia kuwapoteza. Uhaba ukiisha, uhuru huo huyeyuka, kwa kuwa haukuandikwa popote. Zaidi ya hayo, wanaofaidika na mfumo ni wale wenye zamu na meza nzuri, nao wana sababu ya kuutetea. Mfumo unaogawa wafanyakazi katika makundi ya waliopendelewa na wasiopendelewa hupunguza uwezekano wa wote kusema kwa sauti moja, na huo ni ushahidi wa nguvu ya meneja, si wa haki ya mfumo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imebainisha kwamba usimamizi usio wa haki katika migahawa ya matawi mengi nchini Marekani hautokani kimsingi na ukatili wa watu binafsi. Meneja mwema, aliyewekwa katika nafasi ileile, bado atalazimika kumpa mtu Jumatatu na mwingine Ijumaa, na bado atapimwa kwa uwiano uleule wa gharama. Sheria imemruhusu mwajiri kulipa dola 2.13, kampuni imeandika kanuni za kila jambo isipokuwa lile linaloamua kipato, na mikataba ya uamuzi binafsi imewatenganisha waliodhulumiwa.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanajitokeza kuwa ya msingi. Kwanza, kuliondoa punguzo la bakshishi, kama yalivyofanya majimbo saba, hupunguza uzito wa ratiba katika kipato, ingawa hakuumalizi. Pili, ugawaji wa zamu na meza unapaswa kuwa na kanuni iliyoandikwa na inayoweza kukaguliwa, mathalani kwa mzunguko, kama ilivyo kwa malipo mengine. Tatu, historia ya vyama vya wahudumu inaonesha kwamba ulinzi ulio imara zaidi ulikuwa ule ambao wafanyakazi wenyewe walikuwa na sauti katika kugawa kazi. Watafiti wa kazi za huduma wanahimizwa kuichunguza karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani jikoni kwa uzito uleule wanaoupa hati ya mshahara, kwa kuwa kwa mhudumu wa mezani karatasi hiyo ndiyo hati ya mshahara.